Mtoto aliyetoweka kambini upande wa Ugalla: je, mnyama anaweza kuhusika?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mkazi wa Sikonge, Tabora. Kiangazi cha mwaka jana kaka yangu alikwenda kurina asali katika misitu ya upande wa mto Ugalla, akafuatana na mkewe na binti yao wa miaka minne. Walilala katika kibanda cha nyasi kisicho na mlango, moto ukiwa mbele. Alfajiri, kabla ya saa kumi na moja, wifi yangu aliamka akakuta mtoto hayupo na moto umebaki makaa. Hakuna aliyesikia kilio, hakuna damu iliyoonekana. Mwano, yaani yowe la kuita watu, ulipigwa, sungusungu na wanakijiji wakatafuta kwa siku nne, wakapata ndala moja tu ya mtoto kwenye njia iendayo dimbwini, yapata hatua mia mbili kutoka kibandani. Mwanzoni watu walisema ni fisi. Sasa wanasema kaka amemuuza mtoto wake. Polisi walimhoji wakamwachia, lakini kijiji hakijamwachia. Je, mnyama anaweza kumchukua mtoto bila sauti, bila damu, na asiache chochote?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana nyumba nzima. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja, na majibu yake hayafanani. Bila sauti, ndiyo, inawezekana. Bila damu kuonekana pale kibandani, ndiyo pia. Bila kuacha chochote, hapana. Mnyama huacha kitu karibu kila mara, ila kile anachokiacha hudumu kwa muda mfupi na hufutwa kwa urahisi, na mara nyingi wanaokifuta ni watu wenye nia njema.

Nianze na sauti, kwa kuwa ndiyo inayowatatiza wengi. Watu hudhani kwamba mtoto akishikwa na mnyama lazima alie, na mama aliyelala kando yake lazima asikie. Chui hushika shingo au koo, na fisi anayemkuta mtu amelala mara nyingi hulenga kichwa na uso, kwa hiyo pumzi na sauti ya mtoto mdogo vinaweza kukatika kwa mshiko wa kwanza. Mtu mzima aliyeshinda juani akipandisha na kushusha mizinga, akalala karibu na moto uliokwisha kutoa moshi, anaweza asiamke kabisa. Kwamba hapakusikika kilio hakumwondoi mnyama katika hesabu, na vilevile hakumtii hatiani mzazi.

Habari ya damu haiko mbali na hiyo. Meno marefu ya mnyama, yakiwa bado yamezama katika nyama, huziba tundu yaliyolitoboa, na damu huanza kutoka kwa wingi pale tu mnyama anapoachia ili abadilishe mshiko au aanze kula. Mtoto wa miaka minne mara nyingi hajafikia kilo ishirini. Fisi madoa, ambaye uzito wake ni kati ya kilo 45 na 80, anaweza kumwinua mzigo kama huo na kukimbia nao kichwa kikiwa juu bila kuuburuza. Ndiyo maana siridhiki ninaposikia mtu akisema kwa uhakika kwamba si mnyama kwa sababu hapakuwa na mburuzo. Mburuzo hutokea pale mzigo unapozidi urefu wa shingo ya aliyeubeba. Simba aliyemkamata mtu mzima atauacha, lakini fisi au chui aliyebeba mtoto anaweza asiuache.

Sasa tuje kwenye alama, ambako kwa maoni yangu ndiko shauri lenu lilikoharibikia, bila kosa la mtu yeyote. Kiangazi katika miombo yetu ni msimu mzuri kuliko yote kwa kusoma ardhi, kwa kuwa vumbi ni jembamba, njia za kambi hazina nyasi, na pale moto ulipopita majivu huhifadhi nyayo hata kuliko mchanga. Unyayo wa simba una upana wa sentimita kumi na zaidi, wala hauonyeshi kucha. Wa chui una umbo lilelile lakini ni mdogo zaidi. Wa fisi huonyesha kucha, na nyayo zake za mbele ni kubwa kuliko za nyuma. Mtambuzi mzuri wa nyayo, yaani wale wasasi wa zamani ambao baadhi yao bado mnao vijijini, angejua ndani ya nusu saa kama kuna mnyama aliyekaribia mlango wa kibanda usiku ule. Zaidi ya hayo angejua kama mnyama huyo aliondoka akiwa na uzito kuliko alivyokuja, kwa kuwa mnyama aliyebeba huzamisha zaidi miguu ya mbele na kufupisha hatua. Lakini mwano ukipigwa, mwanangu, unajua kinachotokea: kabla jua halijapanda watu mia wamekwisha kuizunguka kambi, wengine kwa baiskeli na pikipiki, kila mmoja akitaka kupaona mahali mtoto alipolala. Mwano ni jambo jema na umeokoa watu wengi, nami siuombei ufe. Ningependa tu viongozi wa sungusungu wawe na desturi ya kukizungushia kibanda kamba hatua hamsini kila upande, na kumwacha mzee mmoja mwenye macho atangulie peke yake.

Tuwapime sasa wanyama wenyewe. Simba ndiye anayetajwa kwanza, na anayo historia. Watafiti waliokusanya kumbukumbu za nchi nzima walihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba Tanzania kati ya mwaka 1990 na 2004, na wengine wasiopungua 308 waliojeruhiwa. Sehemu kubwa ya matukio hayo ilikuwa kusini mashariki, Lindi na Rufiji, ambako wakulima hulala mashambani katika madungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, na simba huwafuata nguruwe hao mpaka kwenye kitanda cha mkulima. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba hatari huwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za giza kabla mwezi haujachomoza, kwa kuwa simba amekaa siku kadhaa za mbalamwezi bila kupata windo la kutosha. Mwulize kaka yako mwezi ulikuwaje usiku ule. Ni jambo dogo ambalo hata mtu mwenye majonzi hulikumbuka. Hata hivyo, simba angewapita watu wazima wawili akachagua mtoto, akaondoka bila kuangusha hata fito moja ya kibanda, na watu wa kambini wasimsikie akinguruma usiku ule wala usiku uliofuata? Inawezekana, lakini kati ya wanyama wakubwa namweka nyuma.

Fisi namweka mbele. Kwanza, kibanda kisicho na mlango na moto uliokufa ndiyo mazingira yake hasa. Pili, kambi ya warina asali huwa na masega, mabaki ya chakula na ngozi, na fisi huzoea harufu hizo siku kadhaa kabla ya kuthubutu kuingia. Tatu, fisi huvunja na kumeng'enya mifupa, hivyo mabaki yake huwa machache kuliko ya mnyama mwingine yeyote wa nchi kavu. Lakini hayakosekani. Kinyesi chake hugeuka cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa, nywele hazimeng'enyi bali huzitapika zikiwa zimefungamana, na nguo huzirarua na kuziacha. Mtoto aliyelala na gauni na kitenge cha kujifunika angeacha walau kipande cha kitambaa, pengine mbali, kilomita moja au mbili, karibu na shimo la muhanga lililogeuzwa pango la fisi. Wale waliotafuta siku nne, je, waliyapekua mashimo ya muhanga, au walipita msituni wakiita jina? Kuita kuna faida kwa aliye hai tu.

Chui ni wa pili kwangu. Anaishi karibu na watu bila kuonekana, anawinda nyani ambao kwa umbo na uzito hawapishani sana na mtoto wa miaka minne, na huweza kupandisha windo juu ya mti. Watafutaji wengi hutazama chini tu. Mbwa mwitu ninawatoa kabisa. Wanaogopwa kwa jina lao, lakini si walaji wa watu. Chatu nampita haraka pia, kwa kuwa hubana na kumeza palepale alipo, na baada ya mlo kama huo asingekuwa na uwezo wa kwenda mbali. Watu mia kwa siku nne wangemkuta.

Najua kuna atakayetaja sokwe, hasa ndugu zetu wa Kigoma, kwa kuwa mwezi Mei 2002 katika Hifadhi ya Gombe sokwe dume aliyejulikana kwa jina la Frodo alimpokonya mtoto mchanga wa miezi kumi na minne aliyekuwa amebebwa njiani, akamuua. Tukio lile ni la kweli na lilitokea mchana, mbele ya watu. Sokwe hutengeneza kiota juu ya mti jioni na kulala mpaka asubuhi, hivyo hawezi kuwa jibu la usiku wa kambini kwenu.

Kabla sijafika kwenye ile ndala, ambayo ndiyo ninayoifikiria zaidi, naomba unisikilize habari moja ya mbali, kwa sababu inamhusu kaka yako kuliko inavyomhusu mnyama. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, familia moja ilikuwa imepiga hema karibu na mwamba wa Uluru katikati ya Australia. Mtoto wao Azaria, mwenye umri wa wiki tisa, alitoweka hemani, na mama yake, Lindy Chamberlain, akapiga kelele kwamba amemwona dingo, yaani mbwa mwitu wa nchi ile, akitoka hemani. Wenyeji wa asili waliokuwa stadi wa nyayo walifuata alama usiku uleule na kueleza kwamba dingo alipita akiwa na mzigo. Nguo ya mtoto ilipatikana wiki moja baadaye. Lakini nchi nzima ilikuwa imekwisha kuamua kwamba dingo hawezi kumbeba mtoto, na kwamba yule mama hakulia inavyompasa mama kulia. Wataalamu wa maabara walisema mahakamani kwamba kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kwamba ndani ya gari kulikuwa na damu ya mtoto. Mwaka 1982 mama yule alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1986 koti la mtoto likapatikana karibu na mapango ya dingo, naye akaachiwa. Tume iliyoongozwa na jaji Trevor Morling ilibaini kwamba ushahidi ule wa maabara haukuwa wa kutegemewa, na kwamba sehemu ya kile kilichoitwa damu ilikuwa kemikali ya kuzuia kelele iliyopulizwa garini kiwandani. Hukumu ilifutwa mwaka 1988. Hata hivyo, mpaka mwaka 2012 ndipo cheti cha kifo kilipoandikwa rasmi kwamba aliyesababisha ni dingo, miaka thelathini na miwili baada ya mama yule kusema hivyo usiku wa kwanza. Wale wasoma nyayo, ambao maneno yao yalipewa uzito mdogo mahakamani, walikuwa wamesoma sawasawa.

Kwa hiyo mtu wa kijijini kwenu akisema kwamba kaka yako ana hatia kwa sababu hakulia, au kwa sababu maelezo yake ya jumatatu yalipishana kidogo na ya jumatano, mwambie hayo si ushahidi. Mtu aliyepoteza mtoto hukosea saa na hukosea mpangilio wa mambo.

Lakini nisiwe mwepesi kwa upande mmoja. Hapa jirani, Singida, katika miaka ya 1940 vilitokea vifo ambavyo mwanzoni vilihesabiwa kuwa vya simba, kisha serikali ya kikoloni ikahitimisha kwamba wauaji walikuwa watu waliojifunika ngozi za simba, na watu wakanyongwa kwa kosa hilo. Na katika miaka yetu hii, katika mikoa ya kanda ya ziwa na majirani zake, watoto wenye ualbino wameibwa usiku na binadamu. Hukutaja kwamba mtoto wenu ana ualbino, nami nimechukulia kwamba hana. Kama anao, acha kusoma hapa na urudi polisi leo, kwa sababu uchunguzi wake unapaswa kuwa wa namna nyingine. Hata kama hana, polisi walifanya sawasawa kumhoji baba, kama walivyopaswa kumhoji kila aliyelala kambini usiku ule na kila aliyepita siku mbili kabla. Kuhojiwa ni sehemu ya kutafuta, na anayehojiwa huwa bado hajaonekana na kosa lolote.

Sasa ndala. Mtoto hulala bila ndala. Mnyama aliyemchukua akiwa usingizini angeziacha zote mbili kando ya mkeka au mlangoni. Iwapo moja ilikutwa hatua mia mbili njiani, kuna njia tatu za kuieleza. Ya kwanza ni kwamba fisi aliibeba ndala yenyewe, jambo ambalo si la ajabu hata kidogo. Wakati wa ujana wangu kazini, fisi aliwahi kuchukua kiatu changu cha ngozi pembeni mwa hema na nikakipata asubuhi mbali sana kikiwa kimetafunwa kisigino. Ndala iliyobebwa na fisi lazima ionyeshe meno: vitobo, kingo zilizotafunwa, au ukanda uliokatwa. Ya pili ni kwamba mtu mzima alimvisha mtoto ndala akaondoka naye. Ya tatu, ambayo kwangu ina uzito kuliko zote, ni kwamba mtoto aliamka mwenyewe, labda kwa haja au kwa kiu, akavaa ndala zake kama alivyofundishwa, akatoka.

Mtoto wa umri huo hajui kwamba amepotea mpaka amekwisha kwenda mbali. Hufuata njia anayoijua, na njia aliyoijua binti yenu ni ile ya kuteka maji. Akichoka huingia penye kificho, chini ya kichaka, ndani ya mti wenye uwazi au shimoni, akalala. Akisikia sauti za watu wengi wageni na tochi nyingi, mara kwa mara hujificha badala ya kuitika, kwa kuogopa wageni au kwa kuogopa kuchapwa kwa kosa la kutoka usiku. Nasema haya ili wifi yako asijilaumu kwamba mtoto aliyemwita hakumwitikia.

Na njia ile inaishia dimbwini. Mto Ugalla wakati wa kiangazi hukatika ukabaki madimbwi, na mamba na viboko wote waliokuwa wametawanyika hujazana humo. Mtoto anayeinama ukingoni gizani yuko katika hatari mbili, ya kuteleza na kuzama, na ya mamba. Zote mbili hazitoi sauti inayofika hatua mia mbili. Mwili uliozama katika maji ya joto huelea baada ya siku chache, na kwa kuwa watafutaji walikuwapo siku nne pasipo kuuona, mamba anabaki kuwa maelezo ya karibu zaidi kuliko kuzama kwa kawaida. Mamba hatafuni, huzungusha, hukata vipande na kumeza, na nguo hubaki matopeni. Ikiwa unanilazimisha kuchagua, basi nasema hivi: mtoto alitoka mwenyewe, na kilichompata kilimpata njiani au ukingoni, mamba akiwa wa kwanza, fisi au chui akiwa wa pili. Mnyama kuingia kibandani na kumtoa naona ni jambo linalowezekana lakini haliafikiani na ndala, isipokuwa iwe na alama za meno.

Bado kuna kazi inayoweza kufanyika. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, dimbwi litakuwa limeshuka kuliko wakati wowote wa mwaka. Ombeni polisi waliofungua jalada waende pamoja na askari wa wanyamapori, maana dimbwi lenye mamba haliingiwi na raia, na kama sehemu hiyo imo ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, kibali kinahitajika kwanza. Yatazamwe matope ya ukingoni, kisha mashimo ya muhanga na mapango ya fisi katika eneo la kilomita mbili au tatu, kisha matawi makubwa ya miti. Kikipatikana kitambaa au mfupa, kisiguswe kwa mkono wala kisizikwe kwa haraka ya huruma; kipelekwe na polisi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako vinasaba vyake vinaweza kulinganishwa na vya wazazi. Meno ya mnyama kwenye mfupa peke yake hayatoshi, kwa kuwa fisi hula pia aliyekwisha kufa kwa sababu nyingine. Mtaalamu atatafuta dalili za damu kuvia kuzunguka jeraha, jambo linalotokea tu kwa aliyejeruhiwa akiwa hai, na kwa mifupa iliyokaa mwaka mzima dalili hiyo huwa ngumu kuipata.

Ofisi ya wanyamapori ya wilaya pia ndiyo inayopokea madai ya kifuta machozi pale mtu anapouawa na mnyama hatari. Msiandikishe dai hilo sasa ili tu kumaliza maneno ya kijijini. Dai lisilo na ushahidi litakataliwa, na kukataliwa kwake kutasomwa na majirani kama hukumu dhidi ya kaka yako.

Kabla ya Oktoba, hata hivyo, nenda kituoni ukaombe kuiona ile ndala, uitazame kingo zake mchana kweupe, kisha urudi kwa wifi yako umwulize kwa upole swali ambalo katika barua yako sikuliona likiulizwa na yeyote: ndala ya pili ilikutwa wapi?